Kicheza cha VLC na Haki ya Neno: Uhakiki kwa Macho ya Mwanalugha

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi. Baadaye umepanua uwanja wake ukaingia katika filamu, nyimbo na matangazo ya biashara. Lakini chombo chenyewe kinachomfikishia mtazamaji filamu na matangazo hayo aghalabu huachiwa mafundi, kana kwamba hakina lugha wala hakina upande. Makala haya yanakusudia kukihakiki chombo kimoja cha aina hiyo, yaani kicheza cha VLC, ambacho hutumika kutazama televisheni inayotiririshwa kwa njia ya intaneti, pamoja na filamu na sauti zilizohifadhiwa katika tarakilishi au simu.

Hoja yetu ni moja. Kicheza cha televisheni hakipimwi barabara kwa ung'avu wa picha au wingi wa vipindi peke yake. Mwanalugha hana budi kuuliza swali jingine: ni nani mwenye haki ya kuweka neno kando ya picha? Kwa kipimo hicho, VLC, pamoja na ukavu wake na upungufu wake, kinavishinda vicheza vya makampuni makubwa. Hata hivyo ushindi huo ni mtupu maadamu sisi wenye lugha hatujayaandika maneno yenyewe.

Ili kuitetea hoja hiyo tutaanza na jina la chombo, tuitazame asili yake, kisha tuichambue fani na maudhui yake. Baada ya hapo tutakaa zaidi katika suala la manukuu, ambalo ndilo kiini cha makala, na tutataja kasoro bila kuzificha.

2. Jina la chombo

Neno 'kicheza' limefuata ruwaza inayofahamika: kiambishi ki-, kitenzi, na mara nyingi nomino inayokamilisha maana. Hivyo ndivyo tulivyopata kipaza sauti na kinasa sauti. Tatizo basi haliko katika ruwaza. Liko katika kitenzi. Mswahili hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga picha, na enzi za santuri alipiga santuri. Anayecheza ni yule anayeifuata ngoma kwa viungo vya mwili. Maana ya kucheza tunayoikuta katika 'kicheza' imekopwa kutoka Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hubeba mchezo wa watoto, upigaji wa ala na utoaji wa sauti iliyohifadhiwa.

Je, tulikatae neno hilo? 'Kipiga picha' kingekuwa kamera. 'Kionyeshi' hakitofautishi programu na kiwambo chenyewe. Vijana nao husema 'cheza video' bila kuhisi ugeni wowote, na usemi ukishakaa kinywani mwa watu, kamati haiung'oi kwa urahisi. Tumeona 'tarakilishi' na 'runinga' yakikubalika katika shule za Kenya ilhali ng'ambo ya mpaka wasemaji wengi wameendelea na 'kompyuta' na 'televisheni', wala kuelewana hakukuvunjika. Kwa sababu hiyo tutatumia 'kicheza', tukijua asili yake.

Neno 'kutiririsha' lina bahati nzuri zaidi, kwa kuwa linaeleza kazi yenyewe. Picha hazimfikii mtazamaji zote kwa pamoja kama maji yaliyomwagwa kutoka kwenye pipa. Huja kidogo kidogo kama maji ya mferejini, na huonyeshwa kadiri zinavyofika. 'Manukuu', kwa upande mwingine, ni neno lenye utata. Kunukuu ni kuyatoa maneno ya mtu kama alivyoyasema. Maandishi yanayopita chini ya picha mara nyingi si nukuu hata kidogo: ni tafsiri, tena tafsiri iliyofupishwa. Anayesoma manukuu akidhani kwamba anasoma maneno halisi ya mhusika amedanganywa na istilahi. Jambo hili tutalirudia.

3. Asili yake

VLC hakikuzaliwa sokoni, kilizaliwa chuoni. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris, chuo cha uhandisi nchini Ufaransa, walikuwa wakitumia mtandao wa tarakilishi uliokuwa wa polepole mno. Walitaka ujengwe upya, na walihitaji sababu ya kuwashawishi wenye fedha. Sababu waliyoipata ilikuwa televisheni. Badala ya kila mwanafunzi kutundika dishi lake na kununua king'amuzi chake, matangazo ya satelaiti yangepokelewa mahali pamoja, kisha yasambazwe kwa mtandao wa chuo hadi vyumbani. Mradi huo uliitwa VideoLAN, nao ulikuwa na pande mbili: programu ya kutuma na programu ya kupokea. Ile ya kupokea, VideoLAN Client, ndiyo iliyofupishwa ikawa VLC. Hata alama yake, koni ya kuongozea magari barabarani, imetokana na koni walizozikusanya wanafunzi wenyewe.

Mwaka 1998 programu iliandikwa upya tangu mwanzo. Tarehe 1 Februari 2001 ilitolewa kwa ulimwengu kwa leseni huria ya GPL, maana yake kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, mradi haki hiyo hiyo awaachie wengine. Chombo hiki husimamiwa na shirika lisilotafuta faida, hakiuzwi, na hakina matangazo ya biashara. Mwezi Januari 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba kilikuwa kimepakuliwa mara bilioni 6.

Historia hii ina mafunzo mawili kwetu. La kwanza, kutiririsha televisheni si kazi iliyobandikwa juu ya chombo hiki baadaye, ndiyo iliyokizaa. La pili, na ambalo ni zito zaidi, ni kwamba chombo kinachotumiwa leo kote duniani kilianzia katika haja ya wanafunzi wa chuo kimoja, si katika hesabu za mfanyabiashara. Idara zetu ambazo zimezoea kungoja vyombo vije kutoka nje zingefaa kulitafakari hilo.

4. Fani

Katika uhakiki wa fasihi tunapotaja fani tunakusudia umbo, muundo na mtindo ambamo maudhui hufikishwa kwa hadhira. Fani ya VLC ni kavu. Mtu akikifungua katika tarakilishi huona uga mweusi, koni katikati, menyu juu na vitufe chini. Hakimkaribishi, hakimpendekezei kipindi, hakimuulizi jina wala umri. Anayekifungua bila kujua anachokitafuta atabaki akiitazama koni.

Ili kutazama televisheni ya intaneti, mtumiaji huiandika anwani ya mtiririko katika dirisha maalumu, au hufungua orodha ya aina ya M3U. Orodha hii inastahili kutazamwa na mwanalugha. Ni faili ya maandishi matupu ambayo yeyote aweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha kwa mkono. Mstari mmoja hubeba jina la stesheni, unaofuata hubeba anwani yake. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuandaa orodha ya stesheni zinazotangaza kwa Kiswahili, azipange kwa utaratibu anaoutaka, azipe majina na maelezo ya Kiswahili, kisha awape wanafunzi wake. Hapana kampuni itakayoamua kwamba stesheni ya Kiswahili ikae chini kabisa kwa sababu watazamaji wake hawaleti fedha za kutosha.

Fani ya chombo hiki huonyesha uwezo wake hasa anapokishika mtafiti wa lugha. Mazungumzo yaweza kupunguzwa kasi ili maneno yasikike moja moja. Sehemu fupi yaweza kurudiwarudiwa kati ya nukta mbili zilizochaguliwa, jambo linalomfaa sana anayenakili simulizi au anayechunguza kiimbo. Manukuu yakitangulia au yakichelewa, kitufe cha G na kitufe cha H katika tarakilishi huyasogeza kwa hatua za sehemu 50 za elfu ya sekunde, hadi neno likutane na kinywa. Na faili ya manukuu iliyopewa jina sawa na faili ya filamu, ikiwekwa katika folda hiyo hiyo, huchukuliwa na chombo chenyewe bila kuagizwa.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo madogo ya ufundi. Sivyo. Aliyewahi kunakili kwa mkono saa nzima ya masimulizi kutoka kwenye kanda, akirudisha na kusogeza mbele, anajua kwamba ubora wa matini iliyonakiliwa hutegemea chombo kama unavyotegemea sikio.

5. Maudhui

VLC hakina maudhui yake chenyewe. Hakina maktaba ya filamu, hakitengenezi tamthilia, hakinunui haki za kandanda. Hapa ndipo kinapotofautiana kabisa na programu kama ya Netflix, ambayo ni kicheza, maktaba, duka na mtayarishaji kwa pamoja.

Netflix iliingia Kenya mwezi Januari 2016, ilipofungua milango katika nchi nyingi kwa siku moja. Mwezi Septemba 2021 ilianzisha nchini Kenya huduma ya bure kwa watumiaji wa simu za Android, na huduma hiyo ikakomeshwa Novemba 2023. Mwezi Julai 2022 ilionyesha Country Queen, mfululizo wake wa kwanza wa Kikenya, ambao wahusika wake huhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na lugha nyingine kama wafanyavyo Wakenya wenyewe. Si haki kuyabeza mambo haya. Msanii wa Kenya aliyelipwa kwa kazi yake, na kazi hiyo ikaonekana katika nchi asizowahi kuzifikia, amepata alichokuwa amenyimwa kwa muda mrefu.

Lakini tazama mahali neno linapokaa. Katika programu ya namna hiyo filamu imefungwa kwa kufuli la kielektroniki, na manukuu huja pamoja nayo kama yalivyoamriwa na mwenye duka. Orodha ya lugha za manukuu ni orodha ya maamuzi ya biashara. Mtazamaji akiona tafsiri mbovu hana njia ya kuisahihisha kwa wenzake. Akiona kwamba lugha yake haimo, hana njia ya kuiongeza. Huduma ya bure ikiondolewa huondoka na kila kilichokuwamo, kama Wakenya walivyoshuhudia mwaka 2023. Mtazamaji ni mgeni katika nyumba ya mtu. Anakaribishwa vizuri, anakula vizuri, lakini hawezi kusogeza hata kiti.

VLC ni kinyume chake. Ni nyumba tupu. Hakuna chakula mezani, lakini milango haina kufuli, na mgeni aweza kuleta chake. Utupu huo wa maudhui, ambao mnunuzi wa kawaida huuona kuwa dosari, ndio unaomwachia msemaji wa lugha nafasi. Yeyote mwenye nakala halali ya filamu aweza kuiandikia manukuu ya Kiswahili, Kikamba au Kigiryama na kuyaonyesha bila kumwomba mtu kibali cha lugha. Kibali cha hakimiliki ni jambo jingine, nalo tutalitaja.

Hata menyu za chombo hufuata kanuni hiyo. Hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na lugha hupata kiasi kile ambacho wasemaji wake wamekitia. Ikiwa istilahi za Kiswahili humo ni pungufu au ni mbovu, hatuna kampuni ya kuilaumu. Lawama hiyo inaturudia.

6. Manukuu ya Kiswahili

Tuseme basi tumekubali kuandika. Je, Kiswahili chafaa kwa manukuu? Wako wanaodai kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa kiwambo kidogo. Dai hili linastahili kupimwa kwa hesabu, si kwa hisia.

Miongozo ya utayarishaji hutofautiana, lakini ule wa Netflix huweka kikomo cha herufi 42 kwa mstari katika lugha nyingi zinazoandikwa kwa hati ya Kirumi, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na mistari miwili tu kwa wakati mmoja. Sasa tuchukue kauli moja: 'Hatukuwaambia'. Ina herufi 13. Kiingereza, ili kusema jambo hilo hilo, huhitaji maneno matano, na ukihesabu herufi pamoja na nafasi utapata 20. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ukanushi, nafsi, wakati na yambwa katika neno moja. Kwa hiyo mahali penye vitendo, na tamthilia ni vitendo, Kiswahili kinabana. Kinapopanuka ni kwenye virai vya nomino, hasa vile vilivyoundwa kwa kiunganishi cha -a kwa sababu istilahi fupi haijapatikana. Urefu unaolalamikiwa basi mara nyingi si tabia ya lugha. Ni dalili ya upungufu wa istilahi.

Ugumu halisi uko kwingine, nao ni mahali pa kukata mstari. Tazama kauli hii:

Hatukuwaambia kwamba mama
yao amelazwa hospitali ya
wilaya

Mkato huu ni mbaya mara mbili. Umemtenga mama na kivumilishi chake 'yao', na umekiacha kiunganishi 'ya' kikining'inia mwishoni mwa mstari bila nomino. Msomaji hulazimika kusimama, na akisimama picha inampita. Aidha umetumia mistari mitatu pasipo haja. Linganisha:

Hatukuwaambia kwamba mama yao
amelazwa hospitali ya wilaya

Hapa kila mstari ni kundi moja la maana, na upatanisho wa kisarufi haukukatwa. Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi: usikitenge kivumishi na nomino yake, usikiache kiunganishi cha -a mwishoni mwa mstari, na usikitenge kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa muundo wa sentensi aweza kuizingatia. Mhandisi wa programu asiyejua Kiswahili hawezi, hata awe hodari namna gani.

Kwa ushairi jambo linapendeza zaidi. Mshororo wa shairi la tarbia lenye mizani 16 umezoea kugawanyika vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao. Manukuu nayo yana mistari miwili. Ukwapi ukikaa juu na utao chini, kituo cha mghani hukutana na mwisho wa mstari bila kuilazimisha lugha, na ubeti mzima hupita kwa manukuu manne. Vina vya kati na vya mwisho huonekana kwa jicho vikiwa vimepangika pembeni. Hapa umbo lililoasisiwa na washairi wetu karne nyingi kabla ya sinema linakaa katika kiwambo kana kwamba lilipimiwa humo.

Tusisahau pia kwamba kwa baadhi ya wananchi manukuu si anasa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, katika kifungu cha 39, iliwataka wenye vituo vya televisheni nchini Kenya kuweka mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika habari, vipindi vya elimu na matangazo ya matukio ya kitaifa. Mkalimani amezoeleka katika habari, na hilo ni jema. Lakini mtu aliyepoteza usikivu ukubwani, asiyejua lugha ya ishara, hutegemea maandishi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha ya taifa ambayo raia kiziwi haipati kwa maandishi katika televisheni, huyo raia ameipokea kwa jina tu.

7. Manukuu ya mashine

Huenda msomaji akauliza kwa nini tujisumbue, maadamu mashine zimeanza kuandika zenyewe. Mwezi Januari 2025, katika maonyesho ya vyombo vya elektroniki huko Las Vegas, VideoLAN walionyesha VLC kikijiandikia manukuu na kuyatafsiri papo hapo, ndani ya tarakilishi yenyewe, bila kuipeleka sauti kwingine. Kwa mtazamaji wa vijijini ambaye intaneti yake ni dhaifu na ya ghali, wazo la mashine inayofanya kazi bila mtandao ni zuri mno. Hatulipingi.

Tunachouliza ni mashine imefundishwa Kiswahili cha nani. Mashine ya namna hii hujifunza kutokana na sauti ilizolishwa, na lugha iliyolishwa kidogo huandikwa vibaya. Mtu wa Lamu au wa Mombasa akimwambia mwanawe 'Ndoo hapa', amemwita aje karibu. Mashine iliyolishwa Kiswahili sanifu peke yake itasikia chombo cha kutekea maji, na mtazamaji wa ng'ambo atasoma habari za ndoo. Kosa hilo si la kuchekesha tu. Likirudiwa katika filamu mia moja, Kiamu na Kimvita vitakuwa vimegeuzwa makosa ya Kiswahili, ilhali ni lahaja zenye fasihi kongwe kuliko usanifishaji wenyewe.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Wakenya wa rika kadhaa wanamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi, mhusika aliyeigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Wanjau alikuwa Mkikuyu, na mhusika wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Sehemu kubwa ya sanaa yake ilikuwa katika matamshi. Sasa tuchukue mhusika wa namna hiyo anayetamka 'samba' anapokusudia shamba, kwa kuwa Kijaluo hakina sauti /sh/. Mashine ina njia mbili. Ama itaandika 'shamba', na hapo itakuwa imemsahihisha mhusika na kuufuta ucheshi. Ama itatafuta neno lililo karibu, pengine 'simba', na hapo itakuwa imeivunja maana. Mwandishi binadamu naye yuko mashakani, lakini mashaka yake ni ya kisanaa: ajiulize lafudhi hii inafanya kazi gani katika onyesho hili, aionyeshe mara ngapi, na aionyeshe bila kuwadhihaki wenye lugha. Hayo ni maswali ya uhakiki, na hayana jibu katika wingi wa data.

Hapa ndipo lile neno 'manukuu' linapotudai ukweli wake. Mashine hunukuu sauti; binadamu hufasiri kauli. Kwa maoni yetu, rasimu ya mashine ifaavyo kupokelewa ni kama mswada wa mwanafunzi: isomwe, isahihishwe, itiwe saini na mtu anayeijua lugha. VLC kinaliruhusu hilo, kwa sababu manukuu yanayowekwa katika faili ya maandishi hubaki wazi, na mtu yeyote aweza kuifungua na kuirekebisha.

8. Kasoro

Sifa hizo hazikifanyi chombo kuwa kamili. Kwa mtazamaji wa televisheni wa kawaida, VLC ni chombo kigumu. Orodha ndefu ya stesheni za mtandaoni huonekana kama daftari la majina, bila ratiba inayomwambia kipindi gani kiko hewani na kipi kinafuata. Mtiririko ukikatika, ujumbe wa kosa huja kwa lugha ya fundi. Takwimu za data inayotumika zipo, lakini zimefichwa ndani ya dirisha ambalo wengi hawalijui, ilhali mnunuzi wa data ya siku moja angependa kuziona waziwazi. Filamu zilizofungwa kwa kufuli, kama za Netflix, haziwezi kuchezwa humo. Mtazamaji wa namna hii hatulaumu akichagua chombo chenye starehe.

Kasoro iliyo nzito zaidi haiko ndani ya programu, iko katika matumizi yake. Chombo kisichouliza mtiririko umetoka wapi hucheza cha halali na cha haramu kwa usawa. Orodha za stesheni zilizoibwa huuzwa na kugawanywa, na wanaoumia ni pamoja na waigizaji na watayarishaji wetu wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyorekebishwa mwaka 2019, inawalinda hata katika mtandao. Itakuwa ajabu kwa wanalugha kudai haki ya neno huku wakimnyima msanii haki ya jasho lake. Uhuru wa leseni ya GPL ni uhuru wa programu. Haugeuzi kazi ya mtu mwingine kuwa mali ya umma. Tunapopendekeza manukuu ya Kiswahili, tunakusudia kwa kazi ambazo wenyewe wametoa idhini, au ambazo ziko mikononi mwa umma.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kicheza cha televisheni kina fani inayoweza kuhakikiwa, na kwamba swali la kimsingi kwa mwanalugha ni haki ya kuweka neno. Kwa starehe, ratiba na wingi wa vipindi, VLC kinashindwa na wapinzani wake. Kwa haki ya neno kinawashinda, kwa kuwa kilitengenezwa na watu waliotaka kutumia televisheni, si kuiuza. Tunakipendekeza kwa maabara za lugha, kwa watafiti wa nyanjani na kwa walimu. Kwa sebule ya familia hatukipendekezi bila mtu wa kuwaonyesha njia.

Lakini pendekezo letu kuu linaelekezwa kwa idara zetu wenyewe. Zinazofundisha tafsiri zinaweza kumpa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho filamu fupi moja, kwa idhini ya mtayarishaji wake, aiandikie manukuu ya Kiswahili yenye mikato sahihi na maelezo ya maamuzi yake, na kazi hiyo ipewe alama kama tasnifu. Zinazofundisha istilahi zinaweza kuzichukua menyu za VLC, kuzijadili neno kwa neno pamoja na wenzetu wa Tanzania, na kuzipeleka kwa watafsiri wa kujitolea. Zinazofundisha lahaja zinaweza kuandaa sauti zilizonakiliwa kwa uaminifu, ili mashine zijazo zisiendelee kuandika ndoo pale mama anapomwita mwanawe. Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Mwanzo mzuri ungekuwa filamu kumi, manukuu kumi, na mjadala wa wazi juu ya kila mkato wa mstari katika kurasa hizi.